Bikoni Namba Nne

Balozi alishuka garini na viatu vya mkutano,
vumbi la Mtumba likammeza hadi kwenye fundo.
Hakusema kitu. Alivivua, akavishika mkononi,
akanijia pekupeku kama anayekwenda kisimani.
"Mbukwenyi," akasema.
Tepu ikanidondoka.

Sisi wapima ardhi tumezoea wageni wa "jambo",
wanaolitamka kama wanaotuliza ng'ombe.
Kigogo sikukitarajia kwa Gu Lanzhen,
mwanamke wa miaka hamsini na tisa,
mwenye bendera ndogo kwenye boneti
na dereva aliyefundishwa kutosikia.

Nilikuwa nimeandikiwa: mwonyeshe mipaka.
Nikamwonyesha. Bikoni ya kwanza, chini ya mnyaa.
Ya pili, ubavuni mwa kichuguu.
Ya tatu mbuzi wa watu waliing'oa, tukairudishia.
Ya nne haikuonekana,
tukaitafuta pamoja, tumeinama,
kama watu waliopoteza hereni.

Ukiwa umeinama hivyo, cheo hakikai sawasawa.
Akaanza kusema.
Kwamba alikuja Dodoma ana miaka ishirini na miwili,
mkalimani wa madaktari, chumba nyuma ya wodi ya wazazi,
Kiswahili chake cha kaseti, safi, kimepigwa pasi.
Siku ya kwanza tu mwanamke wa Bahi akakikunja,
akilia kwa lugha ambayo kaseti haikuwa nayo.

"Daktari aliniuliza, anasema nini?
Nikamjibu, anasema inauma.
Sikujua anasema nini.
Mtoto alikuwa ameshatoka, hapumui.
Alikuwa akimwita jina."

Akapangusa mikono.
"Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza.
Tangu hapo wamekuwa wakinipandisha cheo."

Katibu wa tatu. Wa pili. Mshauri.
Miji minne ya mvua na mmoja wa theluji.
Tumelipokea. Tutalifanyia kazi. Tunashukuru kwa dhati.
Mama yake alizikwa Hunan siku ambayo yeye
alikuwa akipanga nani akae karibu na nani mezani,
na nani asimwone nani.
Mjumbe hauawi, walisema wahenga,
wakaishia hapo.
Hawakusema basi mjumbe hufaje.
Labda hivi: kidogokidogo, akitabasamu, glasi mkononi.

Lakini sikumhurumia huruma yote.
Pale tulipokuwa tukipapasa
palikuwa shamba la uwele la mjomba wangu Ndahani.
Fidia ilichelewa, ikaja, akanunua bodaboda,
bodaboda ikamvunja nyonga.
Sasa anakaa mlangoni, anahesabu malori ya kokoto.
Ningeweza kumwambia.
Nikasema, "Udongo wa hapa ni mzuri, Mheshimiwa,
unashika msingi."
Kumbe kazi yake si ngumu kuijifunza.

Yeye ndiye aliyeigusa, kwa kidole cha mguu.
Zege, bati dogo, namba nne.
Akachuchumaa akaifuta kwa kitambaa cha hariri.
"Ujenzi lini?"
"Labda mwakani."
"Mimi nastaafu Septemba," akasema,
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.
Nyumba ya mwingine, basi. Dirisha la mwingine,
na upepo huu wa Julai utakaompiga mwingine machoni.

Hakunyanyuka.
"Lile jina," akasema, "ninalo miaka thelathini na saba.
Ningeweza kumuuliza yeyote. Niliogopa.
Sechelela.
Maana yake nini?"

Dereva alikuwa akitazama pembeni.
Ningeweza kusema sijui, mimi nimekulia Kizota,
Kigogo changu cha kuombea chumvi tu.
Nikasema, "Furahi."

Aliandika. Kwenye kijitabu, chini ya namba ya bikoni,
kwa herufi zetu, kisha kwa zao,
polepole, mara mbili.
Akavaa viatu juu ya vumbi, hakuvikung'uta.

Nami nikajaza fomu juu ya paja:
Bikoni zote nne zipo.
Mipaka haina mgogoro.